Gitaa la Besi Katika Nchi ya Wasukuma

Ala ya muziki ina mambo mawili: sauti yake na mwenyewe. Sauti huwafikia wote. Mwenyewe ndiye aamuaye nani aishike. Historia ya gitaa la besi katika Shinyanga na Geita yafaa kutazamwa kwa mambo haya mawili, maana raha ya kulipiga ilififia huko bila masikio kuichoka, ikarudi bila mtu kufundishwa kuipenda.

Kabla ya gitaa, Wasukuma walikuwa na ngoma ya jembe. Vikundi vya wakulima vililima kwa mapigo yake, na bugobogobo, mchezo uchezwao kwa majembe, ulizaliwa na kazi hiyo. Baada ya mavuno, vyama vya Bagika na Bagalu vilishindana kwa ngoma mbele ya watu. Shambani ngoma kubwa haikusema mengi. Ilishika mwendo, jembe la kwanza na la mwisho yakaanguka pamoja. Katika bendi, gitaa la solo hupamba, la rithimu hujaza, la besi hushika mwendo. Aliyezoea ngoma ya jembe hakuhitaji mkalimani.

Gitaa la besi la umeme lililoenea duniani lilitoka California, ambako Leo Fender alianza kuliuza mwaka wa 1951. Wakati huo fedha zilikuwa zikiingia Usukuma kwa njia tatu: pamba, dhahabu ya Geita, na almasi ya Mwadui, iliyovumbuliwa na John Williamson mwaka wa 1940. Mwaka wa 1959 Iddi Nhende, mtu wa Nzega, alianzisha Western Jazz mjini Dar es Salaam. Jina hilo lilikumbusha Jimbo la Magharibi, ambalo Kahama ilikuwa sehemu yake. Redio ikachukua nyimbo zao, na za Tabora Jazz, hata vijijini.

Lakini gitaa halikuwa la mpigaji. Vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi, au ya chama, au ya idara. Nuta Jazz, iliyoanzishwa mwaka wa 1964, ilikuwa ya umoja wa wafanyakazi. Aliyeiacha bendi aliiacha na besi. Mgodi wa Geita ulifungwa mwaka wa 1966. Katika miaka ya 1980 fedha za kigeni ziliadimika, na vyombo vikawa haba. Kisha likaja disko, kikaja kinanda kifanyacho kazi ya watu wanne. Mtu aliweza kuwa na nyimbo zote vidoleni, na vidole visipate uzi wa kugusa.

Raha ilirudi kwa mlango usiotazamiwa, nao ni kanisa. Kwaya za Kanda ya Ziwa, ambazo AIC Shinyanga ni moja ya zile zijulikanazo sana, zilishika magitaa ya umeme, na besi ikasikika tena. Wako walionung'unika kwamba dansi imeingia madhabahuni. Manung'uniko hayo yana haki yake, lakini yasahau kwamba dansi nayo iliyakuta mapigo hayo shambani. Geita ilipata mgodi mkubwa mpya mwaka wa 2000. Si dhahabu yake iliyoirudisha besi.

Hata kanisani gitaa si la mpigaji peke yake. Ni la kundi, kama ngoma ya jembe ilivyokuwa ya waliolima pamoja. Tofauti ni kubwa: tajiri akiondoka, huondoka na vyombo vyake, kundi likidumu, ala hudumu, na mkono ulioacha kupiga hupata mahali pa kurudi.