Wageni wa Harrow: Historia ya Kuomba Nafasi katika Shule Iliyoanzishwa kwa Watoto wa Kijiji

Harrow ni mji uliojengwa juu ya kilima, kaskazini-magharibi mwa London, na shule ya wavulana iliyopo hapo huhesabiwa pamoja na Eton na Winchester miongoni mwa shule za binafsi za Uingereza zinazochagua wanafunzi wao kwa ukali mkubwa. Anayeitazama historia yake kupitia orodha ya viongozi waliosoma humo, kuanzia Robert Peel na Palmerston hadi Winston Churchill na Jawaharlal Nehru, hudhani kwamba ilikusudiwa tangu awali kuwa ya watoto wa wakubwa. Hati za kuanzishwa kwake zasema mengine, kwa kuwa shule hiyo iliwekwa kwa ajili ya wavulana wa parokia moja ya wakulima, na kijana aliyetoka kwingine aliruhusiwa kuingia kama mgeni, kwa sharti la kulipa. Historia ya kuomba nafasi Harrow ni historia ya namna wageni hao walivyogeuka kuwa wenye shule, na namna mwenyeji aliyefunguliwa mlango bure alivyojikuta amejengewa shule nyingine pembeni.

Mwanzilishi wake, John Lyon, alikuwa mkulima mwenye ardhi yake mwenyewe katika kitongoji cha Preston, ndani ya parokia ya Harrow, yaani eneo lililohudumiwa na kanisa moja, ambalo katika Uingereza ya wakati huo lilikuwa pia kiungo cha utawala wa mahali na cha misaada kwa maskini. Tarehe 19 Februari 1572 Malkia Elizabeth wa Kwanza alimpa hati ya kifalme ya kuanzisha shule ya sarufi, na shule ya sarufi ilimaanisha mahali pa kufundishia Kilatini, lugha iliyohitajika kanisani, mahakamani na chuo kikuu. Lyon alitunga kanuni za shule mwaka 1591, akafariki mwaka uliofuata, lakini mali yake haikupatikana kwa kazi hiyo mpaka mjane wake, Joan, alipofariki mwaka 1608, na jengo la kwanza la shule likaanza kutumika mwaka 1615.

Mali hiyo iliwekwa katika mfumo ambao msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ataufananisha upesi na wakfu: ardhi haiuzwi, bali kodi yake hutumika daima kwa kusudi alilolitaja mwenye kuitoa. Lyon aliigawa mali yake kwa makusudi zaidi ya moja, na mgawanyo huo ulikuja kuwa na uzito ambao yeye mwenyewe asingeweza kuuona. Mashamba ya Harrow na jirani yake yaliitegemeza shule, ilhali ardhi nyingine, iliyokuwa karibu zaidi na London upande wa Marylebone, iliwekwa kwa ajili ya kutengeneza barabara mbili zilizotoka Harrow na Edgware kwenda jijini. London ilipopanuka, ardhi ya barabara ikawa kitongoji cha majumba na thamani yake ikapanda mno, lakini mashamba ya shule yakabaki mashamba, na mshahara wa mwalimu uliotokana nayo ukabaki mdogo.

Kanuni za 1591 zilimruhusu mwalimu mkuu, pamoja na wavulana wa parokia waliofundishwa bila ada, kupokea wanafunzi wa nje, ambao hati iliwaita wageni, na kuwatoza kiasi ambacho angeweza kupatana na wazazi wao, isipokuwa kama mtoto huyo alikuwa wa ukoo wa Lyon mwenyewe. Masharti yaliyoambatana na ruhusa hiyo yalikuwa mawili: idadi yao isizidi uwezo wa mwalimu kufundisha na uwezo wa mahali kuwahifadhi, jambo ambalo magavana sita wa shule wangeliamua, na mwalimu awashughulikie wote kwa usawa, wa parokia na wa nje, maskini na tajiri. Mgeni wa kanuni hizo hakuwa lazima mtu wa nchi nyingine, kwa kuwa hata mtoto wa kijiji cha jirani aliingia katika kundi hilo. Mantiki ya Lyon ilikuwa ile ya methali isemayo mgeni njoo, mwenyeji apone: ada ya kijana wa mbali ingemfanya mwalimu mzuri akubali kukaa kijijini, na mtoto wa mkulima angenufaika na mwalimu huyo bila kulipa.

Kwa zaidi ya karne moja mpango huo ulikwenda bila mvutano mkubwa, kwa sababu wageni walikuwa wachache. Hali ilibadilika katika karne ya 18, chini ya walimu wakuu ambao magavana waliwachukua kutoka Eton, miongoni mwao Thomas Thackeray aliyeanza kazi mwaka 1746 na Robert Sumner aliyemfuata mwaka 1760. Walimu hao walikuja na mtindo wa mafunzo uliowavutia watu wa tabaka la juu, pamoja na mtandao wa kufahamiana na familia kubwa za London. Kuomba nafasi wakati huo hakukuwa na mtihani wala fomu. Baba, au mlezi, au mwalimu wa nyumbani alimwandikia barua mwalimu mkuu au mwenye nyumba ya bweni, mara nyingi kwa kupitia mtu aliyejulikana na pande zote mbili, na kilichopimwa kilikuwa hadhi ya familia na uwezo wake wa kulipa. Nyumba za bweni zilikuwa biashara binafsi za walimu na za wenyeji waliopangisha vyumba, hivyo kila kijana wa mbali aliyepokelewa aliongeza pato la mtu fulani, na hakuna mtu ndani ya shule aliyefaidika kwa kumkataa. Chini ya Joseph Drury, aliyeongoza kuanzia mwaka 1785 hadi 1805, idadi ya wavulana ilipita 300, na kati yao walikuwamo mshairi Byron na mawaziri wakuu kadhaa wa baadaye.

Mafanikio hayo ndiyo yaliyozua kesi. Mnamo 1809 wakazi wa parokia waliwashtaki magavana katika Mahakama ya Chansela, iliyokuwa na mamlaka juu ya mali za wakfu, wakidai kwamba shule yao imefurikwa na wageni, kwamba watoto wa kijiji hudhalilishwa na wavulana matajiri, na kwamba baadhi ya magavana hawakuwa hata wakazi wa parokia kama ilivyotakiwa. Shauri hilo liliamuliwa mwaka 1810 na Sir William Grant, na wenyeji wakashindwa katika dai lao kuu, kwa kuwa hati ya Lyon yenyewe iliwaruhusu wageni na ikawaachia magavana kupima idadi yao. Udhaifu wa wenyeji ulikuwa pia katika mtaala. Shule ya sarufi iliruhusiwa kisheria kufundisha Kilatini na Kigiriki, masomo ambayo mwenye duka au mkulima wa Harrow hakuona yangemsaidia mwanawe, ambaye alihitaji hesabu na kuandika Kiingereza vizuri. Haki ya kusoma bure ilibaki kwenye karatasi, huku wenye kuweza kuitumia wakizidi kupungua.

Pengo hilo lilijazwa na watu wa aina ya tatu, ambao hawakuwa wenyeji wa asili wala wageni wa kulipa, bali familia za kisomi zenye fedha haba zilizohamia Harrow makusudi ili watoto wao wapate haki ya ukazi. Mfano unaofahamika zaidi ni wa mwandishi wa riwaya Anthony Trollope, ambaye baba yake, wakili, alikodi shamba huko na kuwaingiza wanawe kama wanafunzi wa kutwa. Katika tawasifu yake, iliyochapishwa mwaka 1883 baada ya kifo chake, Trollope alieleza dhiki ya kutembea njia za matope kila siku ili kukaa darasani na watoto wa makabaila waliomdharau kwa nguo zake na kwa kutolipa kwake ada. Simulizi hiyo yaonyesha kwamba kufikia miaka ya 1820 cheo cha mwenyeji na cha mgeni vilikuwa vimekwisha kupinduana, kiasi kwamba kusoma bure kwa haki ya hati kulikuwa aibu, na kulipa kama mtu wa nje kulikuwa heshima.

Mpinduko huo ulikamilishwa na sheria. Charles Vaughan alipochukua uongozi mwishoni mwa 1844, shule ilikuwa imeporomoka na kubaki na wavulana wachache sana, lakini alipoondoka mwaka 1859 walikuwa zaidi ya 400. Reli ya kutoka London kwenda Birmingham, iliyofungua kituo chini ya kilima mwaka 1837, ilisaidia kuleta watoto kutoka mikoa ya mbali. Vaughan aliwatengea wana wa wafanyabiashara wa mahali darasa la pekee lililofundisha kwa Kiingereza, nje ya maisha ya shule kuu. Serikali ikaunda Tume ya Clarendon, iliyochunguza shule tisa mashuhuri kati ya 1861 na 1864, na Sheria ya mwaka 1868 iliyotokana na kazi yake ikaziweka shule saba, Harrow ikiwamo, chini ya mabaraza mapya yenye mamlaka ya kufuta au kubadili haki za wenyeji. Mwaka 1876 ilifunguliwa Shule ya Chini ya John Lyon kwa ajili ya wavulana wa mahali, na jambo kama hilo lilitokea Rugby, ambako shule ya Lawrence Sheriff ilifunguliwa mwaka 1878 kwa sababu hizohizo. Watetezi wa hatua hiyo walisema kwamba mtoto wa mwenye duka alipata hatimaye elimu inayomfaa, na dai hilo lilikuwa na ukweli ndani yake, ila bei yake ilikuwa kuiachia shule kuu moja kwa moja mikononi mwa watu wa nje.

Baada ya wenyeji kuondoka uwanjani, ushindani ulibaki kati ya wageni wenyewe, na hapo ndipo mtihani ulipopata nguvu. Mwanzoni haukuwa mgumu kwa mwenye jina, kama anavyothibitisha Churchill, mjukuu wa Duke wa Marlborough, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe hakuandika kitu cha maana katika karatasi ya Kilatini mwaka 1888, na bado mwalimu mkuu, Welldon, akampokea katika kundi la chini kabisa. Mwaka 1904 shule kubwa zilianza kutumia mtihani mmoja wa pamoja, uliofanywa na wavulana wa takriban miaka 13, hivyo mwombaji hakulazimika tena kutahiniwa upya kila mahali alipobisha hodi. Utaratibu huo ulionekana kuwa wa haki kwa sababu karatasi ilikuwa ileile kwa kila mmoja, lakini masomo yake, Kilatini kikiwa cha lazima kwa miaka mingi, yalifundishwa hasa katika shule za maandalizi, ambazo ni shule za binafsi za kulipia zinazowachukua watoto tangu wakiwa wadogo. Mchujo wa fedha uliokuwa ukifanyika kwenye lango la Harrow ukasogezwa nyuma kwa miaka mitano au sita, mahali ambapo haukuonekana kwa urahisi.

Kipindi hichohicho kilipanua maana ya kutoka kwingine. Wana wa watawala na wa mawakili matajiri kutoka sehemu zilizokuwa chini ya Uingereza walianza kupelekwa Harrow, kwa sababu wazazi wao, au maofisa wa kikoloni waliowashauri, waliiona kama njia ya kumwandaa kijana kushughulika na watawala kwa lugha na adabu zao. Ali bin Hamud, aliyekuwa Sultani wa Zanzibar kuanzia mwaka 1902 hadi alipojiuzulu mwaka 1911, alisoma huko kabla ya kurithi kiti, na mwaka 1905 aliingia Nehru kutoka Allahabad, akiwa na miaka 15, umri mkubwa kuliko wa waanzaji wengi, akakaa takriban miaka miwili kabla ya kwenda Cambridge. Faisal wa Pili wa Iraq na Hussein wa Jordan walifuata katikati ya karne ya 20. Jambo la kuangaliwa ni kwamba vijana hawa, waliotoka mbali kuliko Lyon alivyoweza kufikiri, walipata nafasi kwa njia ileile ya barua, jina na ada iliyowaingiza wana wa makabaila katika karne ya 18, ilhali mtoto aliyezaliwa chini ya kilima cha shule alihitaji njia hiyohiyo na mara nyingi hakuwa nayo.

Leo mwombaji hupimwa kwa mtihani wa awali akiwa na umri wa takriban miaka 11, kisha hufanyiwa usaili, na ingawa zipo ruzuku kwa wachache wasio na uwezo, maandalizi ya mtihani huo bado hununuliwa mapema. Tangu mwaka 1998, jina la Harrow limekwenda lenyewe kwa wageni, shule ya kwanza ya jina hilo ng'ambo ilipofunguliwa Bangkok, ikifuatiwa na Beijing mwaka 2005 na Hong Kong mwaka 2012. Shule ya John Lyon nayo ikawa ya binafsi ya kulipia, na tangu mwaka 2021 hupokea wasichana, ambao mwanzilishi aliwakataza waziwazi katika kanuni zake.

Wenyeji walirudishiwa sehemu ya haki yao kupitia zile barabara mbili ambazo Lyon aliziwekea ardhi. Matengenezo yake yalikuwa yamekwisha kuwa jukumu la serikali za mitaa, na mapato ya ardhi iliyowekwa kwa ajili yake yalikuwa makubwa kupita matumizi yake ya asili, hivyo kuanzia mwaka 1991 fedha hizo zilielekezwa katika ruzuku kwa watoto na vijana wa wilaya tisa za London, Harrow ikiwa mojawapo. Ardhi ambayo Lyon aliikusudia kwa ajili ya njia za kupitia ndiyo inayowafikia sasa watoto wa majirani zake, na shule aliyowakusudia imebaki kuwa ya wale ambao yeye aliwaruhusu kuingia ili tu wasaidie gharama.