Milia Ilitangulia Mpindo

Somo la kuchora bakora ya peremende, ile pipi ya Krismasi, huanza na kichwa. Mtoto huchora mpindo, akateremsha mistari miwili sambamba, akaifunga chini, na mwisho kabisa akatia milia ya mshazari na kuipaka nyekundu, mmoja akiupaka, mmoja akiuruka. Ni utaratibu mwepesi, ila unapotosha historia, kwani kwa fundi wa pipi mambo huenda kinyume. Sukari na glukosi huchemshwa hadi zipite nyuzi 140 za Selsiasi, zikamwagwa mezani, na zikishapoa kiasi cha kushikika huvutwa, zikakunjwa, zikavutwa tena, mpaka hewa inayonaswa ndani izigeuze kuwa nyeupe. Vipande vilivyotiwa rangi nyekundu hubandikwa ubavuni mwa donge hilo nene kama gogo, nalo hurefushwa kuwa kamba huku likisokotwa. Mshazari tunaouchora kwa uangalifu ni alama ya msokoto tu. Bila huo milia ingesimama wima. Kijiti kikishakatwa, kingali laini, ndipo hupindwa kichwa.

Historia nayo ilifuata mpango wa karakana, si wa daftari. Mapishi ya vijiti vya peremende vilivyonyooka, vyeupe vyenye milia ya rangi, yalikwisha kuchapishwa mwaka 1844. Bakora inaanza kutajwa katika maandishi ya miaka ya 1860, na kufikia 1882 inatajwa ikining'inia kwenye mti wa Krismasi. Mti huo, naona, unatosha kuueleza mpindo: kijiti kilichonyooka hakishiki tawi. Wapo watakaonikumbusha kisa cha kiongozi wa kwaya wa Cologne, Ujerumani, anayesemekana mwaka 1670 kuwapa watoto vijiti vilivyopindwa mfano wa fimbo ya mchungaji ili watulie ibadani. Kisa kitamu, lakini hakina maandishi ya zama hizo ya kukishuhudia. Muumini akiona damu ya Yesu katika wekundu ule, au herufi J, ya kwanza ya jina lake kwa Kiingereza, katika umbo la bakora, hana kosa, maana desturi hukua hivyo. Ila vazi alilovishwa mtu ukubwani halisemi alizaliwa wapi.

Pingamizi zito zaidi linatoka kwenye picha zenyewe. Kadi za Krismasi za kabla ya 1900 huonyesha bakora nyeupe tupu, na milia hujitokeza baadaye; je, si mpindo uliotangulia? Katika bakora, ndiyo. Lakini milia haikubuniwa kwa ajili yake: ilikuwa kwenye vijiti vilivyonyooka kwa zaidi ya nusu karne, ikahamia tu. Hata viwandani mpindo ulichelewa. Wakati mashine za kuvuta sukari zilikwisha kuzoeleka, wafanyakazi bado walipinda vichwa kwa mikono, kimoja kimoja, na vingi vikivunjika, mpaka miaka ya 1950, Gregory Keller alipobuni mashine ya kuvipinda kwa ajili ya kiwanda cha shemeji yake huko Albany, Georgia. Keller alikuwa padri wa Kikatoliki, na mchango wake katika bakora hii ulikuwa wa mitambo.