Kutoka Kupunguza Eksirei hadi Kuamua Rufaa: Historia ya Tathmini ya Jeraha la Shingo na Maana Yake Kibondo na Kasulu

Mafunzo ya kisasa ya huduma ya awali kwa majeruhi yalichipuka kutokana na ajali ya ndege iliyompata daktari James Styner na familia yake huko Nebraska, Marekani, mwaka 1976. Kozi ya kwanza ilitolewa mwaka 1978. Kanuni iliyoenea ilikuwa kumchukulia kila majeruhi wa ajali kubwa kuwa ameumia pingili za shingo hadi ithibitike vinginevyo. Kwa hiyo, eksirei zilipigwa kwa wingi, na nyingi hazikuonyesha jeraha lolote.

Tafiti mbili zilikabili tatizo hilo. Utafiti wa NEXUS, uliochapishwa mwaka 2000, ulihusisha wagonjwa 34,069 katika vituo 21 vya Marekani. Kati ya 818 waliokuwa na jeraha la shingo, vigezo vyake vitano viliwakosa 8 tu. Mwaka 2001 ikafuata Kanuni ya Kanada, iliyotokana na wagonjwa 8,924. Zote zilijibu swali moja: nani hahitaji picha?

Kibondo na Kasulu swali hilo hugeuka. Kutoka Kibondo hadi Kigoma mjini ni zaidi ya kilomita 200, na hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000. Pale ambapo picha ya kutosheleza hupatikana kwa rufaa tu, tabibu huamua nani asafirishwe, tena kwa barabara ambayo yenyewe huweza kuidhuru shingo isiyotulizwa. Kanuni ya Kanada huhesabu anguko la takribani mita moja kuwa la hatari. Kwa hiyo karibu kila aliyeanguka kutoka mtini angestahili picha. Kanuni iliyobuniwa kupunguza vipimo huishia kuongeza safari.

Tatizo la pili ni la lugha. NEXUS hudai mgonjwa awe na fahamu kamili: ajitambue, ajue mahali na wakati, na akumbuke vitu vitatu baada ya dakika tano. Wenyeji wengi huzungumza Kiha. Wakimbizi wa Burundi waliopokelewa katika kambi ya Nduta, Kibondo, huzungumza Kirundi. Na Nyarugusu, Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996, imewapokea Wakongo wa lugha mbalimbali. Jibu linalositasita kwa Kiswahili laweza kuwa dalili ya jeraha la ubongo, au ugeni wa lugha tu. Kosa la kwanza humnyima mgonjwa rufaa. La pili humfunga shingo na kumsafirisha bila sababu.

Hivyo, historia ya vigezo hivi haionyeshi kwamba havifai nyanda za juu za Kigoma. Inaonyesha kwamba usahihi wake ulipimwa katika hospitali ambamo picha ilikuwa karibu. Vikihamishiwa mahali ambapo picha iko mbali, umbali wa rufaa na lugha ya mgonjwa havina budi kuwa sehemu ya tathmini yenyewe.