Mzizi Hutangulia: Tarikhi ya Miti ya Ukingo wa Tana

Msafiri aendaye Kotile kutoka Garissa, akiufuata mto Tana kwa upande wake wa mashariki, aghalabu huiona mikoma kabla ya kuyaona mapaa ya nyumba. Maana mti huu, ambao Wasomali huuita baar, na ambao majani yake ndiyo miyaa wasukayo watu wa pwani majamvi na makanda, hausimami kwa shina moja kama mnazi, bali hutoa panda, na kila panda ikatoa panda nyingine, hata mti mzima ukafanana na mtu aliyeinua mikono kuomba dua. Wapitao wote hutazama huko juu. Mimi nadhani habari yenyewe iko chini, nami naomba idhini ya msomaji nianze na koma moja iliyoanguka.

Koma ikilala mchangani na ikapata mvua, haichipui kama kunde. Katika kokwa hutoka kwanza kitu mithili ya mkia mweupe, nacho badala ya kulitafuta jua hushuka moja kwa moja ardhini, kikiwa kimeichukua nchani mwake ile mimba ya mche mzima. Na kikisha kufika kina cha kutosha, ndipo mizizi hutoka upande wa chini, na chipukizi hupasua ubavu wa mkia huo na kuanza safari ndefu ya kurudi juu. Anayechimba kwa jembe, taratibu, ataikuta kokwa karibu na uso wa ardhi na mche umezikwa chini yake, ukingali umeungana nayo kwa mkia ule kama mtoto na kitovu chake, na akiba ya chakula ya kokwa ikishuka kwa njia hiyo hiyo. Ndiyo maana moto ukipita juu ya mkoma mchanga, au mbuzi akautafuna, mara nyingi huchipua tena: moyo wake uko udongoni.

Jani la kwanza la mche huo halina umbo la upepeo hata kidogo. Ni upanga mmoja mwembamba, usio na mpasuko; na yale yafuatayo hupanuka na kupasuka kidogo kidogo, hata likapatikana jani lile tulijualo. Mageuzi ya namna hii ndiyo yaliyomshughulisha Johann Wolfgang von Goethe, malenga wa Kijerumani, aliposimama mwaka 1786 katika bustani ya mimea ya Padua, nchini Italia, mbele ya mti wa jamii ya mitende uliopandwa humo mwaka 1585. Akamwomba mtunza bustani amkatie majani kwa mfuatano wake, tangu lile jembamba la chini hata lile lililopasuka kikamilifu, akaondoka nayo kama aliyepata tunu. Mwaka 1790 alitoa kitabu kidogo juu ya kugeuka kwa mimea, na hujja yake ilikuwa kwamba jani la mbegu, jani la shina na petali ya ua ni kiungo kimoja kilichovaa mavazi mbalimbali. Wengi waliona kuwa hizo ni ndoto za mshairi. Lakini mwaka 1991 wanasayansi Enrico Coen na Elliot Meyerowitz walionyesha kwamba viungo vya ua hupangwa na makundi matatu ya jeni, na kwamba makundi hayo yote yakiharibika, pale palipostahili petali na viungo vya uzazi huota majani matupu. Mshairi hakuwa ameota bure.

Kabla ya Goethe, mwaka 1759, kijana wa Kijerumani Caspar Friedrich Wolff alikuwa ameichungua kwa hadubini ncha ya chipukizi, akaikana itikadi ya siku zile iliyosema kwamba mmea kamili umo ndani ya mbegu tayari, umekunjwa tu ukingoja kupanuka. Wolff aliona kwamba majani huzaliwa upya huko nchani, moja baada ya jingine, kutokana na kitu laini kisicho na umbo. Watu wa Lamu na Pate hawakuhitaji hadubini kulijua jambo hilo, maana mtu akiukata moyo wa mnazi, ule uitwao shaha, anajua kuwa ameuua mti, kwa kuwa mnazi una ncha hiyo moja tu ya kukulia. Mkoma nao umepewa hila ya kuigawa ncha yake sawasawa kuwa mbili.

Kuhusu mzizi, mtu aliyesema neno lenye uzito ni Charles Darwin, ambaye mwaka 1880, akisaidiwa na mwanawe Francis, alitoa kitabu juu ya nguvu za mimea kujisogeza, akaeleza jinsi mzizi uliokatwa ncha unavyoendelea kukua pasipo kujua upande wa chini ni upi. Hata akathubutu kuifananisha ncha hiyo na ubongo wa mnyama mdogo. Mwaka 1900 wataalamu wa mimea Gottlieb Haberlandt na Bohumil Němec, kila mmoja kwa njia yake, walitaja kinachoiongoza: chembe za wanga zilizomo nchani, ambazo huzama upande wa chini kama masimbi katika mtungi wa maji, na mzizi ukapinda kuzifuata.

Sasa turudi mtoni, kwa sababu Tana ndiyo iliyokuwa ikiamua mizizi ipi iishi. Kwa dahari nyingi mto huu ulifurika mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli, ukaacha tope jipya kwenye kingo. Wapokomo walipanda mpunga na ndizi katika tope hilo, na msitu nao ukapanda miti yake. Mmoja wa miti hiyo ni popla, ndugu wa miti ya Ulaya na Asia, ambaye katika Afrika ya Mashariki amebaki kandokando ya mito michache tu, Tana, Athi na Ewaso Ng'iro ikiwamo. Jina lake mojawapo la kitaalamu lilitokana na ndugu wawili wa Kijerumani, Clemens na Gustav Denhardt, waliokwea mto huu mwaka 1878, na ambao baadaye walijulikana zaidi kwa siasa za usultani wa Witu kuliko kwa mimea.

Mbegu ya popla ni ndogo mno, ina manyoya meupe kama pamba, na uhai wake ni mfupi. Haina akiba ya chakula kama kokwa ya koma. Lazima ianguke juu ya tope bichi lisilo na kivuli, na tangu siku hiyo maji ya chini ya ardhi yanapozidi kushuka, mzizi wake sharti uyafuate kwa mwendo ule ule. Ukichelewa, mche hukauka pale pale. Mafuriko yakija kwa wakati wake, mashindano haya huwa ya haki.

Hayakuendelea kuwa ya haki. Huko juu mabwawa ya umeme yalijengwa kwa mfuatano: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Sisemi kuwa umeme si neema, kwani nami naandika chini ya taa. Lakini Masinga hasa, kwa kuhifadhi maji ya mvua, liliyapunguza yale mafuriko ya wastani, na matope mengi yakatuama mabwawani badala ya kufika kwenye kingo za huku chini.

Katika miaka hiyo hiyo ukaletwa mgeni. Mathenge, mti wa Marekani ya Kusini na ya Kati, ulipandwa mwaka 1973 karibu na Mombasa ili kuyafunika machimbo ya chokaa, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ukapelekwa Baringo na kwenye mradi wa umwagiliaji wa Bura, papa hapa kando ya Tana, ili watu wapate kuni na kivuli. Ulisifiwa kwa majani yake yasiyonyauka wakati wa kiangazi. Wachache waliuliza habari za mzizi, ingawa katika miaka ya 1960 huko Arizona mzizi wa mti wa jamii yake ulikutwa katika machimbo kwenye kina kinachokadiriwa kuwa mita 53. Mti wenye mzizi kama huo hauna haja ya kungoja gharika.

Wasomali wakauita garanwaa, yaani usiojulikana. Mwaka 2006 wafugaji wa Baringo waliishtaki serikali, na mbuzi asiye na meno, aliyeharibiwa na utamu wa maganda ya mti huo, akafikishwa mahakamani Nairobi. Mwaka 2008 mti ukatangazwa rasmi kuwa magugu hatari. Wakati huo mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yalikwisha kuyachukua maganda na kuyatawanya mbali.

Mbegu ya mathenge ina gamba gumu, na tumbo la mbuzi hulilainisha. Lipasue donge la kinyesi lililolowa mvua kwenye njia ya mifugo iteremkayo mtoni, nawe utaikuta mbegu imekwisha kufunguka: majani bado yamekunjwa ndani, hayana hata rangi, na mzizi mweupe, mwembamba kama uzi wa kushonea, umekwisha kutoka nje ya donge na kuingia mchangani.