Fedha za elimu maalumu (England)

Fedha za elimu maalumu nchini England ni ruzuku ambayo serikali kuu huzipa halmashauri kwa ajili ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu au ulemavu. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao. Mfumo wa sasa ulianza mwaka 2013.

Ngazi za ugawaji

Katika shule ya kawaida, fedha hupangwa kwa ngazi tatu. Ya kwanza ni kiasi cha msingi anachotengewa kila mwanafunzi. Ya pili hutoka katika bajeti ya shule yenyewe: shule hugharimia msaada wa ziada hadi pauni 6,000 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi mwenye mahitaji hayo. Gharama ikizidi hapo, halmashauri huongeza fedha za ngazi ya tatu, zinazoambatana na mwanafunzi husika. Shule maalumu hulipwa kwa njia nyingine: pauni 10,000 kwa kila nafasi, pamoja na nyongeza kulingana na mahitaji ya mtoto.

Kikomo cha pauni 6,000 hakijabadilika tangu 2013. Kadiri bei na mishahara inavyopanda, gharama za mtoto hufikia kikomo hicho mapema zaidi, na mzigo huhamia kwa halmashauri.

Fungu la halmashauri

Ngazi ya tatu hulipwa kutoka fungu la mahitaji makubwa. Tangu mwaka wa fedha 2018/19 ukubwa wa fungu hilo hukokotolewa kwa kanuni ya kitaifa inayozingatia, miongoni mwa mengine, idadi ya watoto, umaskini, afya na matumizi ya zamani. Fungu lisipotosha, halmashauri yaweza kuhamisha hadi asilimia 0.5 ya fungu la shule kwa idhini ya baraza la shule, ambamo walimu wakuu na wajumbe wa bodi za shule hukaa. Kuzidi hapo kunahitaji kibali cha waziri.

Nakisi

Sheria ya Watoto na Familia ya 2014 inaitaka halmashauri itoe msaada ulioandikwa katika mpango wa mtoto wa elimu, afya na matunzo, unaoweza kudumu hadi umri wa miaka 25. Mzazi asiyeridhika hukata rufaa mbele ya baraza la mahakama. Hivyo haki ya mtoto haipimwi kwa salio la fungu, ilhali fungu lenyewe lina ukomo. Pengo hilo limeziingiza halmashauri nyingi katika nakisi. Tangu 2020 kanuni maalumu huitenga nakisi hiyo na hesabu zao nyingine. Muda wake umeongezwa hadi Machi 2028.