Mvinyo Unauzwa Ukiwa Bado Kwenye Pipa, Maembe Yakiwa Maua

Mwaka fulani, mwezi wa nane, mjomba wangu kule Makueni aliuza maembe yakiwa bado maua. Broka alikuja, akahesabu miti, akatoa pesa mkononi, akaenda. Pesa hiyo ndiyo ilinilipia semesta ya kwanza. Disemba ikafika matawi yameinama kwa uzito, broka akajaza lori. Mjomba akabaki kuangalia tu. Mimi nami chuo sikumaliza, lakini hiyo ni stori ya siku ingine.

Nilidhani kuuza kitu kabla hakijaiva ni shida ya watu wasio na doo. Kumbe matajiri wa Bordeaux, Ufaransa, hufanya hivyo kila mwaka, na wana jina lake: en primeur.

Iko hivi. Zabibu huvunwa Septemba na Oktoba. Kufika Aprili, wanunuzi na waandishi wanaalikwa kuonja mvinyo ambao bado uko kwenye mapipa ya lita 225. Pipa moja ni kama chupa 300. Shamba linataja bei, dalali anaunganisha shamba na mfanyabiashara mkubwa na kukata asilimia 2 yake, mfanyabiashara anauzia maduka ya dunia nzima. Wewe mnunuzi unalipa leo. Chupa utaziona karibu miaka miwili baadaye. Kwa sasa ulicho nacho ni karatasi.

Zamani mwenye nguvu hapa alikuwa mfanyabiashara. Wale wa Chartrons, kando ya mto mjini Bordeaux, walinunua mapipa wakayapeleka kwenye maghala yao, wakaukomaza mvinyo na kuutia chupa wenyewe. Wengine walifunga mkataba wa mavuno ya miaka kadhaa mbele kwa bei moja. Kuna waliolipia zabibu zikiwa bado shambani. Hiyo ni Makueni kabisa, wasee.

Mwaka wa 1924, Philippe de Rothschild wa shamba la Mouton akasema imetosha: mvinyo wangu wote utatiwa chupa hapa nyumbani. Wengine wakamfuata polepole. Sasa mvinyo ukikaa kwako, gharama ya kungoja ni yako pia. Mapipa, mishahara, riba ya benki. Kuuza mapema kukawa njia ya kupata pesa ya kungojea.

Ikaja 1972. Zabibu zilikuwa mbaya, lakini bei ikapandishwa tu. Mwaka uliofuata mafuta yakapanda bei duniani, soko likaanguka, wafanyabiashara wakabaki na mvinyo usio na mnunuzi.

Halafu mvinyo wa 1982. Wakili mmoja Mmarekani, Robert Parker, aliyekuwa na jarida lake dogo la mvinyo, akausifia sana ukiwa bado kwenye mapipa. Waliomsikiza wakalipa mapema, bei ikapaa, wakacheka hadi benki. Kila mtu akataka kuingia.

Lakini wenye mashamba nao si wajinga. Wakajiuliza: kama faida ipo, mbona aende nayo mnunuzi? Wakaanza kupandisha bei ya mwanzo. Kufika mvinyo wa 2009 na 2010, mashamba makubwa yalitaja bei ya kutisha, na wengi waliolipa mapema walikuja kukuta chupa hizo hizo zinauzwa chini ya walivyonunua.

Mwaka wa 2012, Latour, moja ya mashamba yenye jina kubwa zaidi, likatangaza linatoka. Litauza mvinyo likiona umekomaa. Mwenyewe ni François Pinault, bilionea. Yeye ana uwezo wa kungoja.

Hapo ndipo nilielewa mjomba. Hakuwa mjinga. Karo ilitakikana wiki hiyo, na broka alijua. Mwenye haraka hapangi bei, awe Makueni au Bordeaux.

Ila kuna kitu kimoja tunaweza kuiga. Mashamba mengi ya Bordeaux hayatoi mvinyo wote kwa mpigo. Yanatoa sehemu kwanza, yanasoma soko, halafu yanatoa ingine, mara nyingi kwa bei ya juu. Nimempigia mjomba. Mwaka huu broka akija atauziwa nusu ya miti. Nusu ingine tunangoja Disemba, na mvua ikituangusha, hasara ni yetu.

Kwenu huuzwa nini kabla hakijaiva?