Rahisi Ghali: Mshenga Aliyeandika Barua Mwenyewe

Wahenga walisema rahisi ghali. Makala hii fupi inakusudia kuonesha jinsi usemi huo ulivyothibitika katika biashara ya kutafutia watu wachumba kwa kompyuta, na kwa nini jambo hili linatuhusu sisi walimu na wanafunzi wa lugha.

Biashara yenyewe si ngeni. Mwaka 1965 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walianzisha Operation Match. Mtu alijaza hojaji, akalipa dola 3, na kompyuta ikamtolea majina ya watu walioelekea kufanana naye. Kila mmoja alijua analipia nini. Mwaka 1995 ikazinduliwa tovuti ya Match.com, na nyingine nyingi zikafuata. Baadhi zilikuja na utaratibu mpya: kujiandikisha ni bure, kujibu ujumbe ni kwa malipo. Hapo ujumbe wenyewe ukageuka bidhaa.

Mwaka 2014 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliishtaki JDI Dating, kampuni ya Uingereza iliyoendesha tovuti 18. Kwa mujibu wa mashtaka, mtu alipojiandikisha tu, alianza kupokea ujumbe kutoka kwa watu walioonekana kuishi karibu naye na kuvutiwa naye. Ili awajibu, alitakiwa kulipa dola 10 hadi 30 kwa mwezi. Kumbe wengi wa "watu" hao walikuwa wasifu uliotungwa na kampuni, na ujumbe ulitumwa na kompyuta. Tena uanachama ulijirudia wenyewe, fedha zikaendelea kukatwa bila mteja kuridhia. Kampuni ilikubali kulipa dola 616,165 kumaliza shauri hilo.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2025 Match Group ilikubali kulipa dola milioni 14 kumaliza shauri la mwaka 2019, ambalo, pamoja na mengine, lilihusu ahadi ya miezi 6 ya bure ambayo masharti yake hayakuelezwa waziwazi.

Ndugu msomaji, chukua sentensi hii: "Umeandikiwa ujumbe." Kisarufi haina kasoro. Lakini ni kauli ya kutendewa isiyomtaja mtenda. Pengo hilo mpweke hulijaza mwenyewe: humwona mchumba pale ambapo hapana mtu. Katika mila zetu mshenga hupeleka posa ya mtu anayefahamika, jina na ukoo wake. Huyu wa kompyuta alitunga barua mwenyewe, kisha akadai fedha ili ijibiwe.

Basi tunapofundisha kauli hii darasani, tusiishie kwenye viambishi. Tuwaulize wanafunzi wetu: umeandikiwa na nani? Swali hilo dogo lingewaokolea wengi fedha zao, na pengine machozi yao.